Wito kwa Wenye Ndugu Ng'ambo ya Mpaka

Nani kati yetu anayeishi karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania asiye na shangazi, mjomba au mkwe upande wa pili? Mdigo wa Lunga Lunga ana jamaa zake Horohoro mpaka Tanga mjini. Mkurya wa Isebania huvuka kwenda Sirari kumjulia hali dada yake, akarudi kabla jua halijazama. Watu wa Taveta na Holili wanauziana ndizi na kuoana. Na Namanga je? Namanga ziko mbili, ya Kenya na ya Tanzania. Simu yako ukiwa pale huhamia mtandao wa jirani bila kukuomba ruhusa, wala haina pasi.

Mpaka wenyewe ulianza kuchorwa mwaka 1886, Waingereza na Wajerumani walipokubaliana kuvuta mstari kutoka pwani karibu na Vanga hadi Ziwa Viktoria, wakaupinda kuuzunguka Kilimanjaro. Babu zetu hawakuulizwa. Wakati huo walikuwa wameshaoana na kuzikana, na ng'ombe wao walijua malisho ya pande zote mbili.

Ndiyo maana ugonjwa wa mlipuko unapoingia na amri ikatoka kwamba mpaka usivukwe, amri hiyo hutua katikati ya familia. Mwenye kiwanda anahesabu mizigo. Sisi tunahesabu mama, mgonjwa, arusi na msiba. Tufanye nini siku hiyo ikija tena?

Mnakumbuka mwaka 2020? Kenya ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi, na Tanzania ikathibitisha wa kwanza siku tatu baadaye, Arusha. Mwezi huohuo Uganda na Rwanda zilifunga mipaka yao kwa abiria. Kisha tarehe 16 Mei Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kwamba watu wasivuke kati ya Kenya na Tanzania. Malori ya mizigo tu yapite, na dereva apimwe kwanza.

Tazameni hiyo tarehe. Ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani, Idi iko mlangoni. Pwani yote, kuanzia Vanga hadi Tanga, watu walikuwa wanajiandaa kutembeleana. Watoto wameshashonewa nguo. Bibi ameshaahidiwa wajukuu. Ghafla unga na saruji vinapita getini, mjukuu hapiti.

Iliuma. Na kwa maoni yangu, iliuma zaidi kwa sababu hakuna aliyetueleza vizuri tungefanya nini badala yake.

Wengine walibaki nyumbani wakalia kwenye simu. Wengine walipita njia za panya. Tusijifanye hatujui; kila mji wa mpakani una njia zake, na kila mtoto wa pale anazijua. Sitaki kumshika mtu shati kwa jambo hilo. Aliyesikia baba yake yuko mahututi kilomita chache tu ng'ambo ya pori, akapita porini, si mtu mbaya. Alikuwa na haraka ya mapenzi.

Lakini naomba tufikiri pamoja. Je, unapopita pori usiku kwenda kumwona mama, nani anapata faida na nani anabeba hatari?

Korona ina tabia moja ya hila: mtu anaweza kumwambukiza mwenzake siku moja au mbili kabla yeye mwenyewe hajaanza kukohoa. Unajiona mzima. Unamkumbatia mama mwenye umri wa miaka sabini na presha, unakula naye sahani moja, unalala chumba kimoja na watoto. Siku ya nne unapata homa. Sasa nani anajua ulipitia wapi? Aliyekupakia kwenye pikipiki hakujui jina. Getini hukuandikwa. Mama akiugua, daktari wake anauliza, "Kuna mgeni alikuja?" na nyumba nzima inanyamaza kwa kuogopa kukutia matatani.

Huo ukimya ndio unaoniogopesha kuliko homa yenyewe.

Mpaka wenye geti ni kama mlango wa mbele wa nyumba: anayeingia hapo anasalimiwa, anaulizwa habari za alikotoka, na wenye nyumba wanajua yuko ndani. Pale getini wanakupima joto, wanaandika namba yako ya simu na unakokwenda. Tunachoka na foleni, kweli. Lakini kazi inafanyika.

Mfano upo, na ni wa kwetu. Julai 2024 mtu mmoja aliyekuwa safarini kutoka Uganda kwenda Rwanda kupitia Kenya alifika kituo cha Taveta. Wahudumu wa afya pale wakamwona ana dalili, akapimwa, na tarehe 31 Julai Wizara ya Afya ya Kenya ikatangaza kuwa ndiye mgonjwa wa kwanza wa Mpox nchini humo. Wiki mbili baadaye, tarehe 14 Agosti, Shirika la Afya Duniani likautangaza ugonjwa huo kuwa dharura ya kimataifa. Je, angepita njia ya panya, tungejua lini? Na ndugu zake wangejuaje kwamba wanahitaji kuangaliwa?

Wakati wa mlipuko huo wasafiri waliendelea kuvuka. Walipimwa joto, waliulizwa maswali, wakapita. Ndivyo tunavyotaka iwe. Na kadiri wengi wetu tunavyopita getini, ndivyo viongozi wanavyopata ujasiri wa kuliacha geti wazi.

Kuna wanaouliza: si tuko Jumuiya moja ya Afrika Mashariki? Tuko. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inampa mwananchi haki ya kwenda nchi mwanachama. Itifaki hiyohiyo inairuhusu nchi kuweka mipaka kwa haki hiyo kwa ajili ya usalama au afya ya jamii. Kwa hiyo serikali ikisema "subirini", undugu haujavunjwa.

Sasa turudi nyumbani, maana huko ndiko safari zinakoamuliwa.

Nani hasa humtuma mtu porini? Mara nyingi ni simu. "Usipokuja kumzika mjomba wako, usitutafute tena." "Wenzako wote wamefika, wewe peke yako ndiye mwenye mipaka?" Maneno haya tunayasema kwa uchungu, hatuyapimi. Aliyeko ng'ambo anayasikia kama hukumu, anafunga mkoba.

Wazee wangu, mama zangu, nawaomba ninyi kwanza. Neno lenu ni zito kuliko tangazo la redio. Mkimwambia kijana, "Baki huko, baba, tumekuelewa, dua yako imetufikia," atabaki. Mkinyamaza, atakuja kwa njia yoyote. Mzee asiposema neno la kumruhusu asije, nani mwingine anaweza kulisema?

Na kwenye msiba wenyewe tumpe aliyekosa nafasi yake. Jina lake litajwe mbele ya watu kwamba yuko ng'ambo, amezuiwa na hali. Ndugu mmoja aweke udongo kwa niaba yake, na aambiwe kwamba imefanyika. Mwaka 2020 kule Kenya mazishi yaliruhusiwa watu 15 tu kwa kipindi fulani, na bado marehemu walizikwa kwa heshima. Tulijifunza kwamba heshima haikai kwenye idadi ya mabasi.

Dini zetu nazo zimeacha njia pana. Kwa Waislamu wa pwani, wengi wao wa madhehebu ya Shafii, ipo sala ya ghaibu, ya kumsalia maiti aliye mbali. Ipo hitima, ipo arobaini. Anayekosa mazishi anaweza kuja baadaye akasoma pamoja na wenzake. Mafundisho ya Mtume kuhusu tauni yanajulikana misikitini: usiingie nchi iliyo na maradhi hayo, na ukiwa ndani yake usitoke kuikimbia. Wakristo wana misa na ibada za kumbukumbu, na makanisa mengi yalizoea kuwaunganisha walio mbali kwa simu. Mashehe, mapadri na wachungaji, je, mnaweza kulisema hili mapema, kabla msiba haujatokea? Likisemwa siku ya msiba, linasikika kama kisingizio.

Fedha za mchango hazina haja ya kubebwa mkononi. Tangu mwaka 2015 mtu anaweza kutuma M-Pesa kutoka Kenya ikapokewa Tanzania, na kutoka huku kwenda kule. Tuma rambirambi, tuma ya dawa, kisha piga simu uulize kama imefika na mgonjwa amekula nini. Na ninyi mlio karibu na mgonjwa, wekeni simu sauti kubwa, mumsogezee sikioni. Dakika tano za sauti ya mwanawe zinamtosha mzee kulala.

Jambo jingine la nyumbani ni ukweli. Kama kuna mtu ana homa ndani, mwambie mgeni kabla hajapanda gari. Si aibu. Tunaficha ugonjwa kwa hofu ya kusengenywa, halafu tunamkaribisha mgeni kwa pilau na maradhi. Na mgeni naye, ukiamka siku ya safari mwili unakuuma na kichwa kinagonga, ahirisha. Wahenga walisema kawia ufike, na kwenye safari za namna hii walijua wanachosema.

Ukiwa mzima na mpaka uko wazi kwa masharti, nenda, lakini jiandae. Uliza kwanza masharti ya wiki hiyo, kwa sababu hubadilika. Chukua pasi yako au hati ya muda, usiazime ya mwenzako. Kadi ya homa ya manjano huulizwa mara nyingi katika mipaka yetu. Chanjo yake huhesabiwa kuanzia siku ya kumi baada ya kuchomwa, kwa hiyo usikimbilie kuchanjwa asubuhi ya safari. Na tangu Julai 2016 kadi hiyo ni ya maisha. Ile ya zamani iliyoandikwa miaka kumi usiitupe, bado inafaa.

Ukifika, huna lazima ya kumkumbatia bibi saa ileile. Hapa najua nagusa pabaya. Nyumba zetu zimejengwa kwa kukumbatiana, kubusu mikono, kula sinia moja. Lakini mkeka ukitandikwa nje chini ya mwembe, upepo unapita, mgeni amenawa, amevaa barakoa siku za kwanza, bibi ameketi kwenye kiti chake hatua chache pembeni, mazungumzo yanaharibika wapi? Hadithi zitasimuliwa zilezile. Chakula kigawanywe kwenye sahani. Watoto wataona jambo jipya, watalicheka, kisha watalizoea kuliko sisi.

Ukirudi kwako, acha simu yako ikipatikana. Magonjwa kama Ebola na Marburg huweza kukaa mwilini hadi siku 21 kabla ya kuonyesha dalili, na ndiyo sababu ya wataalamu kuwafuatilia watu kwa wiki tatu. Mkoa wa Kagera umepitia Marburg mara mbili, mwaka 2023 na tena mwanzoni mwa 2025, na mara zote mbili mlipuko ulikwisha. Ulikwisha kwa sababu watu walikubali kutaja walikaa na nani, walimuosha nani, walizika wapi. Mhudumu akikupigia, pokea. Hakutafuti kosa.

Naomba niseme na wafanyakazi wa mpakani, kila mmoja kwa kazi yake.

Wewe wa bodaboda, tunajua hesabu ya tajiri lazima ipatikane jioni. Tunajua pia kwamba siku mpaka unapofungwa, safari ya porini inalipa mara kadhaa ya safari ya kawaida. Bado nakuomba: yule abiria anayetetemeka nyuma yako usimpeleke kichakani, mpeleke zahanati. Unaishi hapohapo na watoto wako wanasoma hapohapo. Ukimshauri abiria apite getini atakusikiliza, kwa sababu wewe ndiye unayeijua njia.

Madereva wa malori, mlituvusha. Mwaka 2020 mlilala kwenye foleni Namanga, na Malaba kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ili sisi tupate unga, mafuta na dawa, na malipo mliyopata kwa baadhi yetu ni kuitwa wabeba korona. Tuliobaki tujiulize: dereva anayetukanwa atasema akijisikia vibaya? Mama lishe wa mpakani, muuza maji, mwenye gesti, mpokeeni dereva kwa jina lake na kwa adabu. Mwekeeni maji na sabuni kabla ya sahani.

Maofisa wa Uhamiaji na wa afya, kazi yenu ni ngumu na wengi wenu mnaifanya mkiwa mbali na familia zenu pia. Namanga ina kituo cha huduma za pamoja kilichozinduliwa na Rais Magufuli na Rais Kenyatta tarehe 1 Desemba 2018. Jengo lipo, vifaa vipo. Kinachobaki ni neno. "Mama, leo huwezi kupita, sababu ni hii, na ukirudi na cheti hiki utapita" ni sentensi fupi. Inazuia watu wengi kugeukia pori kuliko askari kumi. Masharti yabandikwe ukutani kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, na pawe na benchi kwenye kivuli.

Wajumbe wa mashina huku Tanzania, na viongozi wa Nyumba Kumi kule Kenya (utaratibu ambao Wakenya waliuazima kwetu, na hatuwadai chochote), msiwe watu wa kukimbilia polisi. Mgeni akiingia, mtembeleeni, muulizeni anaendeleaje, mkumbusheni kituo cha afya kiko wapi. Mtu anayeona mjumbe anakuja na salamu hafungi mlango.

Waajiri nanyi, mfanyakazi akirudi kutoka ng'ambo akaambiwa akae kando kwa siku kadhaa, msimkate mshahara wala kumtishia kazi. Ukimkata, yule wa pili hatasema alisafiri.

Na wewe unayesimamia kundi la WhatsApp la ukoo: kabla hujasambaza kwamba mpaka umefungwa au umefunguliwa, umehakikisha? Uvumi mmoja wa usiku huwapeleka watu kituo cha basi alfajiri bila sababu.

Viongozi wetu nao ni watu wa nyumba hii, kwa hiyo nitawaomba bila kuzunguka. Mpaka ukifungwa tena, pamoja na njia ya mizigo wekeni njia ya familia: dirisha dogo kwa wagonjwa, wafiwa na wazazi wenye watoto wachanga, kwa kupimwa na kwa idadi ndogo. Kama dereva wa saruji anaweza kupimwa akapita, binti anayekwenda kumuuguza mama yake anaweza pia. Gharama ya kipimo iwe ile ambayo muuza nyanya anaimudu. Ikizidi uwezo wake, njia ya panya ndiyo itakuwa ya bei nafuu. Na vyeti vya upande mmoja vikubaliwe upande wa pili. Mei 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipokwenda Nairobi, yeye na Rais Kenyatta waliwaagiza mawaziri wa afya walishughulikie hilo. Ilikuwa hatua njema, ila ilikuja karibu mwaka mzima baada ya mpaka kufungwa kwa abiria. Safari ijayo makubaliano hayo yawe tayari kabla ya ugonjwa.

Sisi wengine tusisubiri viongozi. Jumapili hii, au baada ya sala ya Ijumaa, ukoo ukikutana, ulizaneni maswali machache. Nani ana namba za wote walio ng'ambo? Nani kati yetu hana kadi ya homa ya manjano? Pasi ya nani imeisha muda? Msiba ukitokea mpaka ukiwa umefungwa, nani atasimama kwa niaba ya waliokwama? Yaandikeni majibu, mkubaliane, mzee ayabariki.

Na kabla ya safari, pigeni simu. Tanzania kituo cha Wizara ya Afya ni 199. Kenya ni 719. Elezeni mnakokwenda na mnavyojisikia, waulizeni masharti, kisha mpite getini.